Hesabu ya Ukuta wa Sibomana

Kuta zina masikio, Spéciose alimwonya mumewe. Eustache, mwalimu wa hisabati na fizikia mwenye kiburi cha chaki, akaenda kuupima ukuta kwa kamba.

Ilikuwa Kicukiro, mwaka 1992. Munyakazi, kaka yake Spéciose, alikuwa amejiunga na waasi, na habari zao zilipatikana kwenye redio yao tu, saa moja jioni. Aliyekutwa akiisikiliza alikwenda jela, na si wote waliorudi. Lakini Spéciose alikuwa hali wala halali, na nyumba yao ilichangia ukuta wa udongo na jirani, Sibomana.

Eustache akajaza daftari zima. Sauti ikiingia kwenye udongo wenye vijiwe, majani na nyufa zisizo na mpangilio, alieleza, hugongwa huku na huko ikatawanyika, upande wa pili ukatokea mvumo mtupu.

"Neno hata moja halipiti, Mama Ingrid," akamhakikishia mkewe.

Akatia alama ya wino mwekundu kwenye kitufe cha sauti cha redio: wasivuke hapo. Wiki tatu wakasikiliza, vichwa vikigusana. Munyakazi hakutajwa.

Jumatatu moja mkuu wa nyumba kumi akaingia na askari wawili. Sibomana alikuwa nyuma yao, macho kwenye viatu vyake.

"Mwarimu, waliniuliza, nikasema ukweli. Maneno sikusikia, hata moja. Ile ngoma ya mwanzo wa redio ya waasi tu. Kila siku iko inapiga."

Akaigonga kwa vidole mlangoni, bila kukosea.

Mwanzo wa ngoma ni lele, naye Eustache alikuwa amepigia hesabu maneno peke yake! Mawimbi marefu ya ngoma hayana habari na vijiwe. Huvipita kama ng'ombe apitavyo nyasi. Somo hilo alilifundisha kila mwaka. Aibu ilimshika kabla ya hofu, akaduwaa.

"Redio ya nani?" askari akauliza.

"Yangu," Spéciose akasema. "Huyu kazi yake ni hesabu tu."

Eustache alipopata sauti, gari la askari lilikuwa limeshaondoka na mkewe.

Jioni, saa moja, alisikia mtu akilia upande wa pili, akisema jambo, akilirudia. Akabandika sikio ukutani. Hesabu yake ilikuwa sahihi: neno hata moja halikupita.