Hodi Chini ya Kwapa

Jumatatu asubuhi, akiwa kwenye shuka la kumi na nne, mpiga pasi wa dobi alisikia mtu akibisha hodi chini ya kwapa lake la kushoto. Aliweka pasi kando, akapeleka kiganja. Kiganja hicho kilikuwa na sifa: kiligundua hata pini iliyosahaulika ndani ya shuka lililokunjwa mara nne. Kikakuta kitu kigumu, ukubwa wa kifungo cha shati, kimejikalia pembeni mwa titi.

"Hodi," kikasema tena.

"Una mgeni," alisema msimamizi, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari la zamu.

"Nimemsikia. Naomba ruhusa niende zahanati."

"Wiki hii tuna mashuka ya hoteli mbili. Mwambie asubiri."

Alikwenda siku yake ya mapumziko. Tabibu alimsikiliza huku akiandika, yaani hakumsikiliza.

"Kinauma?"

"Hakiumi. Kinabisha hodi."

"Hodi," kikathibitisha kutoka ndani ya blauzi.

"Nasikia, mama. Ila kisichouma si ugonjwa. Meza hizi za maumivu, urudi kikianza kuuma."

"Dawa ya maumivu, kwa kitu kisichouma?"

Tabibu alikuwa ameshamwita mgonjwa mwingine.

Mumewe, fundi redio, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutuliza, na hao ndio wanaochosha kupita wote.

"Mke wangu, hodi ni tatu. Mgeni asipoitikiwa mara ya tatu, huenda zake."

"Huyu ameshapita mia."

"Basi hana adabu. Usimjibu." Akaongeza sauti ya redio.

Alirudi zahanati mara ya pili, na ya tatu. Kifungo cha shati kikawa cha koti. Kila aliyesikia hodi alimpa pole, kisha akamsimulia habari za shangazi yake ambaye uvimbe wake uliisha wenyewe. Jirani alimshauri apunguze mawazo. Mawazo! Alikuwa na wazo moja tu, na alikwishalisema kwa kila mwenye masikio: apewe barua ya hospitali kubwa, apimwe. Barua alizitoa tabibu, na tabibu aliwaandikia wenye maumivu peke yao.

"Ningekuwa shuka," alimwambia msimamizi, "doa hili mngelishughulikia zamani."

"Hiyo kweli kabisa," alisema msimamizi, akamsogezea tenga.

Asubuhi moja hodi haikuja. Mumewe alizima redio, akatega sikio, akatabasamu. "Si nilikwambia? Kachoka, kaenda zake." Kazini msimamizi alimpongeza kwa uvumilivu. Mpiga pasi alikasirika mpaka machozi yakamlengalenga, maana mgeni anayeacha kubisha si lazima awe ameondoka.

Adhuhuri, akiwa kwenye shuka la thelathini, kilisikika kiti kikiburutwa ndani ya kifua chake, na mtu akikaa kitako. Kisha sauti ile ile ikauliza:

"Vyombo vyangu niweke wapi?"

Chumba kizima kilisikia. Msimamizi alifunga daftari.

"Haya, sasa kinauma?"

Mpiga pasi hakuwahi kusema uongo kazini, na ukweli ndio uliomponza miezi yote hiyo.

"Kinauma," akasema. "Kinauma sana."

"Bado," mgeni akasahihisha kutoka ndani, kwa adabu zake zote.

Msimamizi akafungua daftari tena, akamsogezea tenga lingine.