Vioo vya Mtiririni

Nchi ya Mtiririni ililala baina ya milima miwili kama mtoto aliyelazwa kati ya wazazi waliogombana. Juu kulikuwa na chemchemi isiyokauka, chini kulikuwa na mashamba yasiyoshiba, na katikati, pale ambapo maji yalipaswa kupita tu yakaenda zake, waliketi watawala wake, Baraza la Viganja, watu waliojaliwa mikono mipana na vidole vilivyojua kazi moja tu, kupokea. Mkuu wao aliitwa Fumbata.

Kitu kimoja hakikuwa mikononi mwao: funguo za milango ya mfereji. Hizo zilishikwa na walinda-maji, wazee waliozirithi kwa wazee wao, na kila mlango ulifunguliwa kwa zamu, kwa tajiri na kwa fukara. Basi Viganja wakatafuta njia ya kuzichukua bila kuonekana wamenyang'anya. Wakagawa vioo. Vilikuwa vioo vidogo, vyeusi, vya kuenea kiganjani. Ukikigusa kimoja chini na kusema, uso na sauti yako hutokea katika vioo vya wengine, hata walio ng'ambo ya mlima. Vijana wakavirukia kama kuku waliomwagiwa mtama. Kisha mbiu ikapigwa: mlinda-maji ambaye hatasikika kiooni siku ya sikukuu ya kupanda atahesabiwa kuwa marehemu, na ufunguo wake utatunzwa na Baraza. Viganja waliwajua wazee wao. Hata kabla mbiu haijanyamaza, walikwisha kuwagawia binamu zao milango.

Ngoweko, mlinda-maji wa mlango wa kati, alikuwa mzee kama wenzake, ila hakukubali kushindwa na kitu kilichotengenezwa na mtu. Alikipapasa kioo chake, akakosea, akajikuta anawasalimia walimwengu akiwa amejifunga taulo. Akacheka peke yake, akajaribu tena, akakijua. Ndipo akawaendea wenzake, akawakuta wameketi ukingoni, vioo vyao vimefunikwa kwa kapu kama vifaranga wagonjwa.

"Nimekijaribu," alisema Mzee Dumila, mlinzi wa mlango wa juu. "Kimenidharau."

"Kimekudharau vipi, mwenzangu?"

"Nimepiga hodi, kimya. Nikapiga tena, kimya. Ya tatu, nikaondoka zangu. Mimi si mtu wa kuingia pasipo na karibu."

"Hata mimi," alisema Bi Mwanzani, mlinzi wa mlango wa chini. "Na siku hiyo nimevaa khanga mpya."

"Kumbe ulitaka kuposwa," Dumila akamtania.

"Na kioo kisichoitikia hodi? Niliwahi kuolewa na mmoja wa namna hiyo. Yatosha."

Ngoweko alicheka nao, kisha akatulia. Vijana walikuwa wamewaonyesha wazee hawa pa kugusa, na walipoona hawasemi, wakasema ni woga. Haukuwa woga. Katika Mtiririni mtu mzima hubisha hodi mara tatu, asipoitikiwa hurudi kwake, na adabu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwapotezea funguo.

"Hodi yenu msiiache," alisema. "Kilichokosekana ni mwenyeji. Dumila akibisha, Bi Mwanzani ataitikia. Akibisha Bi Mwanzani, nitaitikia mimi. Hakuna atakayesimama mlangoni kama mkusanya kodi."

Wakatawanyika, kila mmoja mlangoni kwake. Dumila akakohoa, akakigusa kioo kwa ncha ya kidole kama mtu anayepima uji wa moto.

"Hodi."

"Karibu, mzee," sauti ya Bi Mwanzani ikatoka. "Naona ndevu tu. Uso umeusahau nyumbani?"

Dumila akakiinua kioo. Kuanzia hapo hakukumbuka tena kwamba anasema na kioo. Alikuwa anasema na jirani. Na walinda-maji wakisalimiana huulizana nini tena kama si maji?

"Nimefungua mlango wote," alisema Dumila.

"Kwangu yanapita yamejaa hadi ukingoni," alisema Ngoweko.

"Kwangu yanafika kama jasho la mvivu," alisema Bi Mwanzani.

Zamani habari ilishuka kwa miguu ya wapita njia, ikafika imechoka na imebadilika, na miaka yote Bi Mwanzani aliamini kuwa Dumila ni bahili. Sasa watatu waliutazama mfereji mmoja kwa wakati mmoja. Baina ya mlango wa kati na mlango wa chini palikuwa na ukuta mmoja tu, ukuta wa Baraza.

"Nisamehe, Dumila," alisema Bi Mwanzani. "Nilikusengenya mpaka nikaumwa taya."

Siku ya sikukuu Fumbata aliketi uwanjani mbele ya kioo kikubwa, binamu zake nyuma yake wamevaa nguo za kupokelea funguo.

"Dumila wa mlango wa juu," aliita, na sauti yake ilikuwa tayari na majonzi.

"Hodi," kioo kikasema.

"Karibu!" uwanja mzima ukaitikia. Ngoweko, aliyesimama miongoni mwa watu na kioo chake, akahisi kifua kinamjaa kama siku ile mwanawe wa kwanza alipotembea.

"Mwanzani wa mlango wa chini."

"Hodi. Sijafa, Mkuu," alisema Bi Mwanzani. "Ila nimechungulia peponi."

Alikuwa juu ya ngazi. Akakigeuza kioo chake, na watu wote wakaona, nyuma ya ukuta wa Baraza, bwawa pana lililotulia, na mabata wanene waliokuwa wakielea juu ya mavuno ya watu hao.

Watu wakaanza kuondoka, wakielekea ukutani. Hata watumishi wakaondoka, hata binamu mmoja. Fumbata akataka kutangaza kwamba vioo vyote virudishwe. Lakini amri ilibidi ipite kiooni, na yeye siku zote aligusiwa kioo na watumishi. Akakipapasa kioo juu, akakipapasa kando. Hakikumwonyesha kitu ila uso wake mwenyewe.

"Hapo chini, Mkuu," Ngoweko akamwambia kwa upole, kama alivyowaambia wenzake. "Usiogope. Gusa, useme. Sote tunakusikiliza."

Kidole cha Fumbata kikasimama hewani.