Jibu la Jumanne

Usiku wa jana niliota niko jikoni kwetu, nasubiri habari za Baba aliyelazwa. Sikushangaa. Mimi ndiye niliyetengeneza tovuti ya wodi ile, ili ndugu wasome hali ya mgonjwa kwenye simu badala ya kusukumana getini. Kazi ya kuleta taarifa niliiachia programu moja ndogo, nyepesi kuliko zote, nikajisifu nayo ofisini wiki nzima.

Programu yenyewe imekaa juu ya mizani ya unga. Ni mama mfupi, kajifunga kanga, na mshale wa mizani uko kwenye sifuri.

"Shikamoo," namwambia. "Naomba hali ya kitanda namba tisa."

"Marahaba." Anatoa karatasi. "Anaendelea vizuri. Amekunywa uji."

"Hiyo ya lini?"

"Jumanne."

"Mama, leo Ijumaa."

"Uliagiza mwenyewe. Nikiwa na jibu, nitoe hilohilo, nisiisumbue seva ya hospitali mpaka siku saba ziishe."

Ni kweli. Nilitaka ukurasa ufunguke haraka. Sikufikiria kabisa kwamba mgonjwa anaweza kubadilika kabla ya siku saba.

Jikoni sasa ni korido ya wodi. Dada yangu Nyanjura amesimama na chupa ya uji, naye anauliza habari za kitanda namba tisa.

"Maswali yanayofanana nayajibu kwa pamoja," anasema yule mama, na kuichana karatasi. Mimi napata "Anaendelea". Nyanjura anapata "vizuri".

"Kaka Bwire, mimi sijaja tangu Jumanne," anasema Nyanjura. "Kila nikifungua simu naona Baba anakunywa uji. Nikasema basi, nimalizie kufua."

Namwangukia yule mama miguuni. Nenda kaulize upya, nakusihi.

"Mlango ukikataa, najaribu mara tatu tu. Hilo nalo uliagiza wewe."

Anagonga mlango wa wodi. Ndani Baba anakohoa.

Anagonga tena. "Bwire amefika?" Baba anauliza.

Nataka kuitika, sauti haitoki. Anagonga mara ya tatu. Kimya.

"Zimeisha," anasema, bila ubaya wowote. Nausukuma mlango kwa bega, kumbe ni ukuta. Ananifumbatisha kitu kiganjani. "Jibu halikuja. Kimekuja hiki."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, na kiganjani nilikuwa na kifungo cha kijani cha shati la Baba, kina uji uliokauka.

Kando ya mto simu ilikuwa bado iko kwenye ukurasa wangu. Kitanda namba tisa: anaendelea vizuri, amekunywa uji.

Kisha jina la Nyanjura likatokea juu, simu ikaanza kuita. Niliiacha iite, maana chini ya jina lake Baba alikuwa bado anaendelea vizuri.