Ukuta wa Mama Ngazi na Mama Jiko

Mfanyabiashara wa nguo aliyeijenga nyumba ile hakupenda mambo madogo: kuta za mawe nene kama godoro, duka chini, vyumba vya kulala juu, na boriti ndefu zilizokatiza ukumbi mzima. Alipofumba macho, wanawe wawili waligombana mpaka wakajenga ukuta katikati ya ukumbi. Mkubwa akapata ngazi bila jiko, mdogo akapata jiko bila ngazi. Na walikuwa watu wazima wenye ndevu zao, jamani!

Kila mmoja aliacha binti, na mtaa ukawaita Mama Ngazi na Mama Jiko. Mama Ngazi alipikia barazani. Mvua ikinyesha, anashindia mkate. Mama Jiko alipanda kulala kwa ngazi ya mbao iliyoegemezwa dirishani, utadhani mwizi. Wao hawakuwahi kugombana. Walipiga soga kwa kupaza sauti ukutani, na majirani wakafaidi.

Sasa magoti ya Mama Jiko yaligoma, na Jumamosi mwanawe angekuja kumchukua akaishi naye mbali. Mama Ngazi akakosa raha kabisa. Angebaki na nani? Akamwita fundi.

"Bomoa ukuta wote!" Hakungoja hata jibu, alinyakua nyundo akapiga pigo la kwanza mwenyewe.

"Weee! Mama, acha!" Fundi alimnyang'anya, akamwonyesha juu. Boriti kubwa ilikuwa imepasuka zamani, ikaukalia ukuta. "Huu ndio unaoshikilia nyumba. Ukiuangusha, mtalala kwenye kifusi."

Mama Ngazi alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akalia kwelikweli. Ugomvi wa wazee wao uliinusuru nyumba, na sasa unamnyima ndugu yake.

"Lakini naweza kutoboa mlango," fundi akasema, "nikitia boriti fupi juu yake."

"Mbona hukusema mapema?"

"Ulinipa nafasi, mama?"

Jumamosi mwana alipofika, alimkuta mama yake amepita kwenye uwazi mpya ukutani, yuko juu kabisa ya ngazi ya Mama Ngazi, ameshika ukingo, anahema na kucheka, mwenye ngazi kando yake.

"Usiguse begi hilo, mwanangu. Siendi popote!"

Chini, fundi alikuwa akipima mbao za mlango mpya. "Mama zangu," akaita, "komeo nilitie upande wa nani?"

Wakajibu kwa pamoja: "Komeo la nini?"