Soksi za Kumrushia Mfalme

Lorna Pybus alilisoma daftari jipya la maigizo akiwa amesimama jikoni, na birika likachemka hadi likazimika lenyewe bila yeye kulisikia. Alipofika ukurasa wa arobaini alilifunga, akavaa koti la mvua, akatoka kwenda kumtafuta Rhys Dunbabin.

Kwa miaka kumi na tisa kikundi cha maigizo cha Marrick, mji wa mgodi wa bati magharibi mwa Tasmania, kilikuwa kikichukua tamthilia za kale, zile ambazo watu wa mijini huzitazama wakiwa kimya kama wako msibani, na kuzigeuza vurugu la kuchekesha. Wafalme walivaa mataji ya makopo ya maharagwe. Mashujaa walikufa mara tatu tatu kwa sababu watazamaji walitaka wafe tena. Watu walikuja na pai zao za nyama na soksi kuukuu walizoziviringisha, na mwigizaji aliyewaudhi alirushiwa. Kanuni ilikuwa moja tu, na Lorna ndiye aliyeiweka: anayerushiwa neno kutoka vitini lazima alijibu, ndipo mchezo uendelee.

Kwa hiyo hakuwa mtu wa kununa. Mwaka mmoja aliigiza malkia mjamzito, na mto aliojifunga tumboni ukachomoka katikati ya hotuba. Aliuokota, akaubembeleza, akaupa jina.

Mwaka huu walichagua kisa cha mfalme anayewapeleka vijana wote wa nchi vitani, na mama mmoja anayekuja langoni kwake kudai maiti za wanawe wawili. Walipokisoma mara ya kwanza, mjinga alikuwa mfalme. Katika daftari jipya mfalme alisimama wima, ana maneno ya busara, na mjinga alikuwa mama. Alikuja kalewa, akachanganya majina ya wanawe, akapenga kamasi kwenye joho la mfalme. Mama huyo ndiye aliyepewa Lorna.

Alimkuta Rhys, mwongozaji wao, ukumbini, akipaka rangi lango la mbao.

"Rhys, huyu mama umemfanyaje?"

"Nimemchangamsha, Lorna mpenzi. Alikuwa anatupoozea mchezo."

"Na mfalme?"

Rhys aliendelea kupaka. "Mfalme ni Clive."

"Najua ni Clive. Nauliza mbona hachekwi."

"Clive katuwekea paa hili. Ni diwani, ana wapiga kura wake. Ulitaka nimvishe kopo la maharagwe mbele yao?"

"Ndiyo. Hiyo ndiyo kazi yetu."

"Acha basi. Ni mzaha tu."

"Halina Bednarek hukaa safu ya tatu kila mwaka," Lorna alisema. "Mgodi ulimrudishia mwana mmoja ndani ya jeneza. Wa pili hawakumpata mpaka leo. Na meneja aliyetia sahihi kwamba handaki lililowaangukia ni salama ni huyo huyo Clive wako."

"Uchunguzi ulimsafisha."

"Ulimsafisha yeye. Sasa wewe unamchafua Halina."

Rhys aliweka brashi chini. "Halina anapenda kucheka kuliko sisi sote. Kama huwezi kuigiza, sema. Nitampata mwingine."

"Mtafute," Lorna alisema, akamwachia daftari juu ya ngazi, karibu na rangi.

Jumamosi saa nane mchana ukumbi ulijaa. Mvua ilipiga juu ya paa jipya, na halikuvuja hata tone. Nafasi ya mama alipewa fundi bomba mmoja mwenye ndevu, aliyejifunga kilemba na kupakwa pua nyekundu. Alipoingia akipepesuka na kuita, "Wanangu, nyie, yule na yule mwingine," watu waliangua kicheko, kwa kuwa walikuja kucheka. Soksi zikamnyeshea. Lorna, aliyeketi nyuma kama mgeni, alimtazama Halina. Halina alikuwa ameshika pai kwa mikono miwili na hakuila.

Lorna akasimama.

"Mfalme," aliita. "Wale vijana ulikwenda nao?"

Watu walicheka, wakageuza viti kumwona. Clive Strickland alitazama pembeni kumtafuta Rhys, lakini kanuni ni kanuni. "Mfalme haendi vitani, bibi. Mfalme hupanga."

"Ulipanga nini?"

"Nilipanga ushindi."

"Na siku walipokufa, ulikula nini?"

Kicheko kilipungua. Clive alishika taji lake la shaba, akalinyoosha kichwani. Kutoka nyuma sauti ya mwanamume, mtu wa mgodini, ilisema polepole, "Jibu, Clive."

Hakusema mfalme. Alisema Clive, na kila mtu alisikia.

"Huu si mchezo tena," Clive alisema.

"Ni mchezo," Lorna alisema. "Tatizo lako ni kwamba leo zamu ni yako."

Clive alishuka jukwaani na taji kichwani. Soksi ya kwanza ilimpata mgongoni, kisha ya pili, kisha ikawa mvua ndani ya nyumba, na hakuna aliyekuwa akicheka. Fundi bomba alivua kilemba, akakaa kwenye ukingo wa jukwaa kama asiyejua aende wapi.

Jumatatu barua ya kamati ilifika. Lorna alifungiwa mwaka mzima kwa kosa la kuvuruga onyesho. Aliisoma mara mbili, damu ikimchemka, kisha akaipeleka kwa Halina, akitarajia, ingawa asingekubali kusema hivyo, kushukuriwa.

Halina aliisoma mezani, akaikunja. "Ulisema kwa ajili yangu, hukuniuliza."

"Sikukutaja jina."

"Ukumbi mzima uligeuka kunitazama, Lorna. Miaka yote nakaa kiti kile kwa sababu pale hakuna anayenitazama. Pale mimi ni mtu mwenye soksi, kama wengine."

Lorna aliona haya, na haya ile haikuizima hasira. Vyote viwili vilikaa kifuani mwake pamoja.

"Nisamehe," alisema mwishowe.

"Nitakusamehe. Si leo." Halina alimmiminia chai. "Lakini hii barua ni upuuzi. Wamekufungia kwa kumuuliza mtu swali. Wanachama wangapi wanatakiwa kuitisha mkutano?"

"Kumi na watano."

Halina alivuta droo, akatoa kalamu, akageuza barua ya kamati upande usioandikwa, akatia sahihi yake, ikawa ya kwanza.

"Anza na yule fundi bomba," alisema. "Jana alikuja hapa kuniomba radhi, akalia mpaka pua ikawa nyekundu kwelikweli."