Shangazi Amekataza

Mfamasia wetu tulimwita Dada Mkuu, maana hata mteja aliyemzidi umri alisimama wima mbele yake kama mwanafunzi. Alichukia krimu za steroidi kuliko kitu chochote dukani. Sikumlaumu. Mara kwa mara waliingia wanawake waliojichubua kwa mkorogo wa krimu hizo, nyuso zimebabuka, wakitaka kopo jingine la kuficha madhara ya lile la kwanza. Aliwatimua kwa maneno makali, nami nikipanga dawa kwenye rafu nilimshangilia kimoyomoyo. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Dada Mkuu alikuwa akishtuka kwa niaba ya watu wote.

Siku moja mke wa kaka yake alileta cheti cha mwanawe mdogo, mwenye pumu ya ngozi. Daktari alikuwa ameandika krimu ya steroidi: paka ya kutosha asubuhi na jioni mpaka ngozi itulie. Dada Mkuu alikisoma, akaguna.

"Wifi, paka kiduchu tu, siku mbili, halafu uache. Dawa hii inakula ngozi."

"Daktari kasema nisiiogope."

"Daktari si shangazi yake."

Wifi mtu akacheka, na mimi nikacheka. Ubishi uliishia hapo.

Mtoto akawa anapata nafuu kidogo, kisha ngozi inachachamaa upya. Alijikuna mpaka shuka zikawa na damu. Mama mkwe akasema mama wa mtoto hajui kulea, na Dada Mkuu, Mungu amsamehe, akaniambia wifi yake ni mzembe. Mwishowe vidonda vikaingia usaha, mtoto akalazwa.

Tulikwenda kumwona pamoja. Daktari wa ngozi alikuwa kando ya kitanda, akamwonyesha mama jinsi ya kukamua krimu kutoka ncha ya kidole hadi kiungo cha kwanza. Akasema dawa ile, kwa kipimo hicho na kwa ugonjwa huu, haina ubaya unaoogopwa. Kilichomuumiza mtoto ni kuikosa. Akauliza nani alisema ipakwe kiduchu. Wifi mtu alitazama sakafu, hakumtaja mtu.

Daktari alipoondoka, Dada Mkuu aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Wifi, ni mimi. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe, wifi. Ulimpenda." Alimfunika mtoto miguu. "Ila ile siku ya pili ya kumpaka dawa alilala usiku kucha, mara ya kwanza tangu azaliwe. Kulipokucha nikaifungia kabatini, kama ulivyosema. Muwasho uliporudi alikuwa akisimama mbele ya kabati analia, 'Mama, dawa.' Na mimi namwambia, shangazi amekataza."