Mtu wa Mbele ya Valdir

Tangu Valdir, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Brazili, ahamie nyumba ya jirani, Mama Kabedi hakuwa na raha. Kila jioni mwanamume yule alikuwa uani peke yake, anaimba, anayumba, kisha ghafla anarusha mguu kama wa kumvunja mtu taya. Ni ngoma ile, au ni vita? Kabedi ndiye aliyewaongoza wake za wafanyakazi wa kiwanda kucheza kila Jumamosi kumsifu Kiongozi wa nchi. Hakuna ngoma ya mji wao wa Likasi asiyoijua. Hii ikamshinda. Akavuka ua.

"Weye, Valdir! Hii ngoma unacheza kwa heshima ya nani?"

Valdir akajifuta jasho. Kiswahili chake cha kiwandani kilitosha. "Ya muntu wa mbele yangu, mama."

"Mbele yako hakuna muntu!"

"Ndiyo. Hii ni ya wawili. Miye niko namungojea."

Kabedi alikuwa hajapata kusikia jambo kama hilo. Yeye kila alipocheza, mbele palikuwa na jukwaa, na jukwaani wakubwa wameketi. Akavua viatu, akakaza kitenge alichojifunga juu ya gauni, kile cha chama tawala, chenye picha ya Kiongozi, akasimama mbele ya Valdir.

Mguu ukaja. Kabedi akainama, ukapita juu ya kichwa chake kama upepo, naye akashangaa kujisikia anacheka. Fundo likafunguka. Kitenge kikaanguka, uso wa Kiongozi ukalala mavumbini ukitazama mbingu.

Alitaka kukiokota upesi, kabla jirani mwingine hajaona na kwenda kumshtaki. Lakini mguu wa pili ulikuwa unakuja.